Shajara ya mradi: kila namba na kizio chake, maabara ya udongo Dodoma

Februari, mwanzo wa kazi

Kazi imepata kibali. Majedwali ya Excel yaliyokuwa yakikokotoa majaribio yetu ya udongo yanastaafu, na nafasi yake inachukuliwa na programu moja itakayopokea usomaji kutoka mezani, kukokotoa na kutoa ripoti. Maabara yetu ni ndogo, ipo hapa hapa mjini, na kazi zinazotufikia ni zile zinazoujenga mji huu tangu serikali ihamie: misingi ya majengo upande wa Mtumba na Iyumbu, changarawe za barabara, vifusi, na ule udongo mweusi wa mbuga unaovimba mvua zikinyesha na kupasuka kiangazi, ambao umeshapasua kuta za watu wengi.

Nimeanza na jambo ambalo wengi huliacha mwisho: vizio vya kupimia. Ripoti ikishatoka hapa, namba iliyomo inakuwa ukweli kwa mtu mwingine. Mhandisi mshauri anaichukua, anaiingiza kwenye hesabu ya msingi, nondo zinakatwa, zege linamwagwa. Hakuna atakayerudi kuuliza kama deili geji, ile saa ndogo ya kupimia mwendo, ilikuwa ya milimita au ya inchi. Kama swali hilo halikujibiwa maabara, halitajibiwa popote.

Februari, baada ya ukaguzi wa vifaa

Nimezunguka meza zote na fundi mkuu wa maabara, daftari mkononi, kifaa kwa kifaa. Kwa kila kimoja nimeuliza mambo matatu: kinasoma kwa kizio gani, kizio hicho kimeandikwa wapi, na ni nani anayekigeuza kabla ya kuingia kwenye ripoti.

Vifaa vimetoka pande nyingi za dunia na kwa miaka tofauti. Pete ya kupimia kani iliyo kwenye mashine ya CBR (jaribio la uimara wa udongo wa barabara: kani ya kusukuma plunja, yaani kipande cha chuma, ndani ya udongo, ikitajwa kama asilimia ya kani ya rejea) ina cheti kinachotaja newtoni kwa kila mstari wa deili. Pete ya akiba, cheti chake kinataja kgf, yaani kilogramu za kani. Mashine ya kuvunjia silinda za zege ina uso wenye duara mbili, la nje kilonewtoni na la ndani paundi. Geji moja ya maji inasoma bar, nyingine kg/cm², na ile ya kompresa inasoma psi.

Kilichonisimamisha ni deili geji mbili za edometa, ile mashine tunayotumia kupima udongo unavyojikaza taratibu chini ya mzigo. Zinafanana umbo, rangi na ukubwa. Moja imeandikwa chini kabisa ya uso wake 0.002 mm. Nyingine, mahali pale pale, imeandikwa 0.0001 na kufuatiwa na vialama viwili vya inchi vilivyofifia hata nikalazimika kuwasha tochi ya simu.

"Mzee, na hii inatumika?"

"Inatumika ile nyingine ikiwa na kazi. Nzuri sana, haikwami."

"Na kwenye fomu mnaandika nini?"

"Tunaandika mistari tu, Injinia. Mengine kompyuta inajua."

Kompyuta haikujua. Jedwali tulilorithi lilikuwa na 0.002 iliyoshindiliwa katikati ya fomula, bila neno lolote pembeni la kusema hiyo ni nini. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, kwa hiyo 0.0001 ya inchi ni milimita 0.00254. Chukua sampuli yenye kimo cha milimita 20, ishuke mistari 500. Kwa geji ya kwanza imeshuka milimita 1.00, kwa ya pili 1.27. Ukigeuza kuwa asilimia ya kimo unapata 5.0 kwa moja na 6.35 kwa nyingine. Zote mbili ni namba za kawaida kabisa kwa mfinyanzi wetu mweusi. Mhakiki wa ripoti, hata awe makini namna gani, hawezi kushtuka.

Leo kila kifaa kimepewa namba yake na kibandiko chenye kizio kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Hilo halikuhitaji programu wala bajeti.

Machi

Ukaguzi ule umenipa msimamo ambao sasa ndio mhimili wa mradi wote, nauweka hapa ili anayekuja baada yangu aujue: kosa kubwa la kizio hujitangaza lenyewe, linaloumiza ni dogo.

Mtu akichukua kgf akadhani ni newtoni, matokeo yanakosewa karibu mara kumi. CBR iliyopaswa kuwa 15 inasoma 1.5, na kijana yeyote aliyekaa maabara mwezi mmoja atauliza. Akichanganya megapaskali na kilopaskali, tofauti ni mara elfu, hata mlinzi wa getini angeona. Sasa tazama hivi vizio vitatu vya kanieneo. Bar moja ni kilopaskali 100. Kgf moja kwa sentimita ya mraba ni kilopaskali 98.07. Tani moja ya Kimarekani kwa futi ya mraba, ambayo bado imo kwenye vitabu vingi vya misingi, ni kilopaskali 95.76. Kwa macho zote ni "kama mia hivi", na ndivyo watu wanavyozitumia kwa mazoea. Tofauti ya asilimia mbili au nne inajificha vizuri ndani ya utofauti wa kawaida wa udongo wenyewe, kwa sababu hata sampuli mbili za shimo moja hazitoi jibu moja. Udongo unabebeshwa lawama ya geji.

Hivyo kuweka mipaka kwenye matokeo, kwa mfano programu kukataa CBR inayozidi kiwango fulani, ni jambo jema lakini halitoshi. Mipaka inakamata yale ambayo macho yangekamata. Kwa yaliyobaki dawa ni moja: namba isitembee bila kizio chake hata hatua moja, tangu mstari wa deili hadi karatasi ya ripoti.

Machi, muundo

Mjadala na mwenzangu tunayeandika naye programu umechukua muda, na ulistahili. Yeye alitaka kila usomaji ugeuzwe kuwa wa SI, yaani mfumo wa kimataifa wa vizio, pale pale unapoingizwa, kisha hifadhidata itunze SI peke yake. Njia hiyo ni nyepesi na hesabu zinakuwa safi. Hoja yangu ilikuwa kwamba ukitupa usomaji ghafi umetupa ushahidi. Ikigundulika mwakani kwamba cheti cha pete fulani kilisomwa vibaya, unarudi wapi? Huna mistari, una kilonewtoni ambazo hujui zilipikwaje.

Tumekubaliana hivi. Hifadhidata inatunza kile fundi alichokiona kwa jicho lake: mistari 78, kifaa namba fulani, basi. Kifaa kina vyeti vyake vya kalibresheni, yaani vya kuhakikiwa usahihi wake, kila kimoja na tarehe ya kuanza kutumika. Pete ikirudi kutoka kalibresheni na namba yake imehama kutoka newtoni 25.6 kwa mstari hadi 25.4, majaribio ya zamani yanabaki na cheti cha zamani na mapya yanachukua kipya, hakuna anayehitaji kukumbuka chochote. Hesabu zote za ndani zinafanyika kwa mita, kilogramu, sekunde na newtoni. Kilopaskali, megagramu kwa mita ya ujazo na milimita vinatokea mwisho tu, kwenye kuchapa, na kukadiria desimali kunafanyika hapo hapo mwisho, si katikati ya hesabu.

Kwa msimbo tunatumia Pint, maktaba ya Python ambayo namba ndani yake hubeba kizio. Ukijaribu kujumlisha milimita na kilonewtoni inagoma. Imetuokolea kazi kubwa, ila ina kikomo ambacho anayeitumia kwa kazi ya udongo lazima akijue. Yenyewe inatazama mita, kilogramu na sekunde zilizomo ndani ya kizio, haijui kinachopimwa ni nini.

Mfano ulio wazi ni nishati ya kushindilia. Njia nyepesi ya BS 1377, kiwango cha Uingereza cha kupima udongo, inatumia nyundo ya kilo 2.5 inayodondoka milimita 300, mapigo 27 kwa kila tabaka, matabaka 3, kwenye moldi ya lita 1. Ukizidisha yote hayo unapata kilojuli 596 hivi kwa kila mita ya ujazo. Kilojuli kwa mita ya ujazo, ukiivunja hadi chini, ni kilonewtoni kwa mita ya mraba, ambayo ndiyo kilopaskali. Kwa Pint, nishati ya kushindilia na kanieneo cha maji ndani ya udongo ni kitu kimoja na unaweza kuvijumlisha bila kuonywa. Na asilimia ndiyo balaa zaidi, kwa sababu kiwango cha unyevu ni asilimia, CBR ni asilimia, ujazo wa maji kwenye matundu ni asilimia, na densiti iliyofikiwa saiti ukilinganisha na ile ya maabara nayo ni asilimia. Hazina kizio hata kidogo, na hazipaswi kukutana ovyo.

Kwa hiyo kila namba kwetu ina vitambulisho viwili: kizio chake, na aina ya kipimo chake. Densiti ya udongo mbichi na densiti ya udongo mkavu zina kizio kimoja lakini ni aina mbili, na fomula inayodai kavu haipokei mbichi. Mwenzangu aliona ni kazi ya ziada. Baada ya kuona ni mara ngapi "densiti" tupu imeandikwa kwenye majedwali ya zamani, yeye ndiye aliyemaliza sehemu hiyo.

Aprili, namba zenye kizio tumboni

Nimekaa na fomula za edometa. Hapa pana mtego ambao sijauona ukielezwa vya kutosha, nauandika kwa kirefu.

Kasi ya udongo kujikaza, ambayo kwa alama ni cv, BS 1377 inaikokotoa kwa kuzidisha 0.026 na mraba wa kimo cha sampuli, kisha kugawa kwa t50, yaani muda wa kufika nusu ya safari. Ukitumia njia ya kipeuo cha pili cha muda, unatumia 0.112 na t90, muda wa kufika asilimia 90 ya safari. Fomula fupi, inakaa kwenye kisanduku kimoja cha Excel, na watu wanainakili miaka nenda miaka rudi. Lakini 0.026 imetoka wapi?

Ifungue. Namba ya msingi kutoka kwenye nadharia ni 0.197, isiyo na kizio. Maji yanatoka juu na chini ya sampuli, hivyo njia ya maji ni nusu ya kimo, na nusu ikiwekwa mraba inakuwa robo. Robo ya 0.197 ni 0.04925. Hadi hapo jibu ni milimita za mraba kwa dakika. Mwaka una dakika zipatazo 525,960, na mita moja ya mraba ina milimita za mraba milioni moja. Zidisha, gawanya, unapata 0.0259, inayokadiriwa kuwa 0.026. Ile nyingine ni hivyo hivyo ukianzia 0.848. Ina maana ndani ya 0.026 mmelala milimita, dakika, mwaka na sharti kwamba maji yanatoka pande zote mbili. Ukiingiza sekunde umepotea mara 60. Ukiingiza kimo cha nusu, kwa sababu umesoma kwenye kitabu kingine kwamba H ni njia ya maji, umepotea mara nne, na cv iliyokosewa mara nne bado inafanana na mfinyanzi halali. Jirani atakayejenga ghorofa juu ya kifusi ataambiwa asubiri miaka minne badala ya mmoja, au mmoja badala ya minne.

Uamuzi: ndani ya programu 0.026 na 0.112 hazimo. Tunaandika 0.197 na 0.848 kama zilivyo, njia ya maji inatajwa kama njia ya maji, na vizio vinajigeuza vyenyewe. Nimejaribu na sampuli ya kimo cha milimita 19.2 na t50 ya dakika 4. Kwa fomula fupi cv ni mita za mraba 2.40 kwa mwaka, kwetu ni 2.39. Tofauti hiyo inatokana na kukadiria 0.0259 kuwa 0.026, na nimeiandika kwenye maelezo ya ripoti ili mhakiki asiitafute usiku.

Nimeongeza pia kitufe cha kuonyesha cv kwa sentimita za mraba kwa sekunde, maana baadhi ya washauri wanaitaka hivyo. Moja ya hiyo ni karibu mita za mraba 3,156 kwa mwaka.

Aprili, CBR na mpaka wa 15

Mwongozo wa usanifu wa barabara wa Wizara ya Ujenzi wa 1999 unayapanga madaraja ya vifusi na changarawe kwa majina yanayobeba CBR: G3, G7, G15, G25, G45 na kuendelea. Shehena ya kifusi ikitoa 15 inaitwa G15. Ikitoa pungufu, mkandarasi anatafuta machimbo mengine, na machimbo mazuri hayako jirani. Kwa hiyo kwenye mpaka, kila desimali ina mtu anayeisubiri.

Sasa chukua ile mistari 78 na pete ya newtoni 25.6. Kani ni newtoni 1,997 kwenye mpenyo wa milimita 2.5. Kwa BS kani ya rejea ni kilonewtoni 13.2, na CBR inatoka 15.1. Kwa ASTM, viwango vya Marekani, rejea haitolewi kwa kani bali kwa kanieneo, megapaskali 6.9, na plunja ina eneo la milimita za mraba 1,935. Gawanya, unapata 14.96. Udongo ule ule, pete ile ile, jicho lile lile. Chanzo chake ni paundi 1,000 kwa inchi ya mraba zilizogeuzwa na kukadiriwa kwa njia mbili tofauti. Hata mpenyo wenyewe ulianza kama sehemu ya kumi ya inchi, ambayo ni milimita 2.54.

Hakuna aliyekosea hapo, zote ni njia halali. Kisicho halali ni kuchanganya: kani kutoka huku, rejea kutoka kule, kuchagua ile inayopitisha. Kwenye programu, mbinu ya jaribio inachaguliwa kabla ya usomaji wa kwanza kuingizwa, inafungwa, na rejea inakuja na mbinu hiyo moja kwa moja. Jina la mbinu linachapwa juu ya ripoti, sentimita chache kutoka kwenye matokeo. Mimi naamini hili linalinda fundi kuliko linavyomlinda mteja, kwa sababu fundi ndiye anayepigiwa simu jioni na kuombwa "aangalie tena" 14.9.

Mei, mvutano wa dunia

Hili limenifurahisha kulifanyia kazi, maana ni la hapa petu.

Vitabu vinasema kilogramu moja ya kani ni newtoni 9.80665. Hiyo ni thamani ya makubaliano. Dodoma iko karibu na ikweta na juu ya uwanda, mita zipatazo 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, na vyote viwili vinapunguza mvutano. Hapa mvutano huo, kwa alama g, ni karibu 9.78. Mizigo ya edometa ni vyuma vinavyoning'inia kwenye mkono wa wenzo, hivyo kilo 10 kwenye wenzo wa kumi kwa moja, juu ya sampuli ya kipenyo cha milimita 75, hazitoi kilopaskali 222.0 bali 221.4. Pete ya kupimia kani haina shida hiyo, yenyewe inahisi kani moja kwa moja.

Fundi mkuu aliuliza kama inastahili kuhangaika. Kwa kilopaskali 0.6, kwa kweli udongo haujali. Ila g ya maabara inaandikwa sehemu moja tu, tena mara moja, na mtu akituuliza tunayo majibu. Tumeiweka kama mpangilio wa maabara kwa majaribio ya vyuma vya kuning'inia pekee. Ile 9.81 inayotumika kugeuza densiti kuwa uzito wa mita ya ujazo kwa ajili ya wasanifu ina jina tofauti, maana wao wote hesabu zao zimejengwa juu yake.

Lenye uzito zaidi ni mizani. Mizani ya kielektroniki inapima kani na kuonyesha kilogramu. Ikikalibreshwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, kisha ikapakiwa kwenye basi kuja huku, sampuli ya kilo 5 inaonyesha pungufu ya karibu gramu 2. Kwa mizani inayojigamba kusoma gramu 0.1 hilo si dogo. Sharti jipya kwenye programu: cheti cha mizani ya aina hiyo lazima kitaje mahali ilipokalibreshwa, na kama si hapa inapotumika, kifaa kinabaki na alama nyekundu hadi kihakikiwe kwa mawe ya rejea mezani pake. Na dirisha lifungwe. Upepo wa Dodoma unajulikana.

Mei, yaliyobaki

Kanieneo kamili, kinachohesabu na hewa inayotuzunguka, na kanieneo cha geji, kisichoihesabu, vimetenganishwa kuwa aina mbili. Kwa mwinuko wetu hewa yenyewe ni karibu kilopaskali 88 au 89, si 101.3 ya vitabuni, na kitambuzi kinachosoma kanieneo kamili ukikitoa 101.3 kinakuambia una ombwe la kilopaskali 12 au 13 wakati bomba liko wazi.

Unyevu unaingizwa kwa asilimia tu, na uga wake una alama ya asilimia iliyoganda mwishoni. Udongo wa megagramu 2.10 kwa mita ya ujazo wenye unyevu wa 15 ni 1.83 ukiwa mkavu, kwa kugawa kwa 1.15. Hakuna tena nafasi ya kuandika 0.15 sehemu moja na 15 sehemu nyingine.

Mkato na nukta vimetusumbua. Mashine moja ilikuja na kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya nchi ambako desimali huandikwa kwa mkato, na faili yake ina 1,825 ambayo hapa kwetu ni elfu moja mia nane ishirini na tano. Programu haibahatishi. Kila chanzo cha faili kimeandikiwa desturi yake, na faili isiyo na chanzo kinachojulikana haipokelewi.

Alama za vizio: tunapokea kpa, KPA na Kpa, kwa sababu watu wana haraka, lakini inayochapwa ni kPa. M na m hatuzipokei kwa kulegeza. MN ni meganewtoni, mN ni milinewtoni, kati yao pana mara bilioni moja. Na "kg" ikiandikwa kwenye uga wa kani, programu inasimama na kuuliza: ni kgf? "Tani" nayo inaulizwa ni ya kilo 1,000 au ya Kimarekani ya kilo 907.

Juni, mezani

Fomu mpya zimeanza kutumika. Juu ya kila safu kizio kimechapwa, na fundi anaandika alichokiona tu, bila kugeuza chochote kichwani. Nilihofia wangeona wamenyang'anywa kazi. Kijana wa CBR aliniambia, "Injinia, zamani nilikuwa nazidisha kwenye kikokotoo huku mashine inatembea. Sasa natazama deili." Mashine inapenya milimita 1 kwa dakika na usomaji ni kila robo milimita, kwa hiyo ana sekunde 15 kati ya usomaji na usomaji. Sekunde hizo ni zake sasa.

Fundi mkuu ameomba jambo moja ambalo halikuwa kwenye mpango: skrini ionyeshe mistari ghafi kando ya matokeo, isiifiche. Anasema jicho lake limezoea mistari, akiona 78 anajua udongo ule ukoje kabla hajaona asilimia. Tumeiweka mara moja. Uzoefu wa mtu aliyetazama deili kwa miaka ni kipimo kingine, na programu inayouziba inajipunguzia mhakiki bora iliyo naye.

Julai

Tunaweza kutoa data kwa muundo wa AGS4, ule wa chama cha wataalamu wa udongo na miamba cha Uingereza, ambao washauri kadhaa wameanza kuuomba. Naupenda kwa sababu chini ya vichwa vya safu una mstari mzima wa vizio, na chini yake mstari wa aina ya data unaosema namba ina desimali ngapi. Tulikuwa na vitu hivyo vyote tayari, hivyo kazi ilikuwa kuandika faili tu.

Kilichobaki ni majaribio ya zamani. Yale ambayo fomu ya karatasi ipo na kifaa kimetajwa yanaingizwa upya kutoka kwenye mistari ghafi. Yale yaliyobaki kwenye Excel peke yake, bila namba ya kifaa, yanaingia na kizio chao kikiandikwa "hakijulikani". Yanasomeka, yanachapika yakiwa na maandishi hayo, lakini hayaingii kwenye hesabu wala kwenye wastani wowote. Majaribio ya edometa yaliyofanyika kipindi geji zote mbili zilipokuwa mezani yameorodheshwa pembeni, na mkuu wa maabara ameanza kuwapigia wateja husika, akianza na wale ambao msingi bado haujamwagwa.